Mkate wa Nyumbani kwa Mama

Huenda unasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, kadi mkononi, na umechoka kumweleza kila mgeni aliyevaa koti jeupe habari za tumbo lako. Nilikaa kwenye mabenchi hayo miaka. Sina elimu ya udaktari na sitajifanya ninayo. Ninachoweza kukupa ni yale yaliyonipata mimi Siwema, fundi cherehani wa Kibiti, na jinsi ugonjwa wangu ulivyokaa katikati ya wanawake wawili walionipenda, mama yangu mzazi na mama mkwe wangu, wakashindwa kutazamana.

Mama yangu anaitwa Mama Zuhura. Zuhura alikuwa dada yangu, alifariki akiwa mdogo, kabla mimi sijaanza kushika mambo. Baada ya baba kutangulia mbele ya haki, mama alitulea kwa maandazi na chapati. Akishaswali alfajiri tu, karai lilikuwa motoni, na watoto wa shule walipita kwetu kabla ya kupita popote. Mimi nilikua nikila yale yaliyoungua upande mmoja, na nilikuwa mwembamba siku zote, tumbo mbele. Watu walisema ndilo umbo langu.

Niliolewa na Athumani, kijana wa Maparoni, huko visiwani kwenye delta, aliyekuja Kibiti kufanya kazi ya useremala. Ilikuwa wakati wa mvua za vuli. Hata sherehe hazijasahaulika, tumbo langu likaanza kuvimba kila nilipokula, likinguruma mpaka mteja aliyekaa karibu na cherehani ananitazama. Nikaanza kuharisha. Choo kilikuwa cheupe, chenye harufu ambayo niliona aibu nayo hata nikiwa peke yangu. Mdomoni vidonda. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Mwanzoni tulidhani ni mimba, na kweli mimba ilikuwepo, ila masika ilipoingia ilitoka. Iliyofuata nayo ikatoka.

Kazi yangu ni kupima watu. Basi nilijua kupungua kwangu kwa namna ambayo wengine hawaijui. Gauni nililojishonea kwa ajili ya Idd nililipunguza kiunoni, nikalipunguza tena mabegani, kisha nikaliacha, maana kitambaa kilichokuwa kinabaki ndani ya mshono kilikuwa kinatosha kumvika mtoto.

Mama alifanya kile ambacho mama yeyote angefanya. Alinilisha. Alikuja na uji wa unga wa lishe, akasema una kila kitu ndani yake, na kweli ulikuwa na kila kitu, hata ngano. Alikuja na chapati zilizokandwa kwa samli, na mkate ulioumuliwa vizuri, bado wa moto, umefunikwa kwa kitambaa. Alikaa mbele yangu mpaka nimalize. "Umepungua, mwanangu. Kula." Nilikula kwa kuwa nilikuwa na njaa isiyokwisha, na kwa kuwa hakuna chakula duniani nilichokiamini kuliko cha mkono wake. Kabla hajafika nyumbani kwake, mimi nilikuwa nimeshakimbilia chooni.

Zahanati walinipa dawa za minyoo. Nikamaliza, nikarudi, wakasema amiba. Hospitali kubwa zaidi wakasema homa ya matumbo, wengine vidonda vya tumbo. Walinipima UKIMWI, wakanipima tena, wakanipima kifua kikuu. Majibu yalirudi mazuri, lakini mtaani watu waliishia kwenye neno kupimwa, hawakungoja majibu. Wateja wengine wakahamishia vitambaa vyao kwa fundi mwingine. Nakumbuka benchi moja refu lililopakwa rangi ya kijani, ambapo nilijifunza kukaa mwishoni, karibu na mlango wa choo. Mwanamke mmoja nisiyemjua aliwahi kunishikia zamu yangu kila nilipotoka, na kila niliporudi alisogeza kanga yake nikae juu yake kwa sababu mifupa ya makalio ilikuwa inaniuma kwenye ubao. Hatukuambiana majina. Nimemwombea dua nyingi kuliko ndugu zangu wengine.

Damu ikawa inapungua. Nikaongezewa, na Athumani ndiye aliyetoa. Kwa muda nilipata rangi, kisha ikaondoka.

Lililonivunja zaidi lilikuwa la ibada. Nilikuwa nikitia udhu, nikifika rakaa ya pili umetoka. Narudi kutia tena, natetemeka kwa baridi ya maji, naanza upya, unatoka tena. Nilimwambia Athumani amuulize ustadhi wa msikiti wetu. Ustadhi akajibu kwamba mtu wa hali yangu hutia udhu mara moja kwa kila sala, akaswali hivyohivyo, hata kwa kukaa, na Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu asichokiweza. Athumani alinieleza kwa upole sana. Nililia, kwa sababu ndipo nilipojua kwamba hata msikitini nimeshahesabiwa kuwa mgonjwa.

Mama mkwe wangu, Bi Pili, alikuja kutoka Maparoni kuniona. Ni mwanamke mrefu, wa maneno machache, mkulima wa mpunga tangu utoto. Alinitazama, akamwambia mwanawe kwamba atanichukua, nikapumzike kwake mpaka mavuno. Sikuwa na nguvu ya kukubali wala ya kukataa. Tulikwenda bandarini Nyamisati, tukangoja maji yajae, boti ikatupitisha kwenye mikoko hadi kwake.

Kule nilikaa naye kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, yeye akiamia ndege wasile mpunga, mimi nimelala kwenye jamvi. Tulikula wali na samaki. Asubuhi uji wa mchele, mchana wali, jioni wali. Mkate haukuwepo, duka lilikuwa mbali, na Bi Pili mwenyewe hana mazoea ya vitu vya ngano. Sikuona lini hasa nilianza kupona. Niliona tu kwamba siku moja nilishuka ngazi ya dungu mwenyewe, nikafukuza ndege kwa sauti yangu. Jioni Bi Pili alinikatia kichwa cha samaki, sehemu anayoipenda yeye.

Baada ya mavuno nilirudi Kibiti, mashavu yamejaa. Mama alinikumbatia akalia kwa furaha. Akanikaribisha kwa chapati. Ilikuwa karibu na Ramadhani, na futari ya mwaka ule alinipikia tambi, na maandazi ya iliki, na mkate wa mayai. Mchana nikiwa nimefunga nilikuwa na nafuu. Baada ya futari nilikuwa najikunja sakafuni. Kabla ya Idd nilikuwa nimerudi pale nilipokuwa, na pengine chini zaidi.

Bi Pili alikuja tena, akanichukua tena. Nikapona tena, nusu. Nikarudi, nikaugua. Mwenye macho angeona hesabu ya jambo hilo, na kila mtu alikuwa na macho. Ila waliona kitu kingine.

Mama mkwe alilisema mbele ya mama, barazani kwa mama, siku aliponifuata kwa mara ya tatu. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, siwezi kusimama bila kushikwa. Hakupaza sauti.

"Mtoto akiwa kwangu anapona. Akirudi kwako anakufa. Wewe niambie maana yake."

Mama alikuwa amefunika maandazi yake kwa kitambaa. Akakikunja pembe, akakikunjua, akakikunja tena. Majirani walikuwa wanasikia, na hakuna aliyemtetea. Mwanamke aliyewahi kuzika binti, na sasa wa pili anayeyuka mbele yake, mtaani kwetu ana jina ambalo halitamkwi lakini linajulikana. Nilitaka kusema kitu. Lakini mdomo ulikuwa umejaa vidonda, na aliyosema Bi Pili yalikuwa yametokea kweli.

Safari hiyo sikuweza hata kupanda boti, nikabaki Kibiti, na Athumani akanikataza kula kwa mama. Hakunikataza kwa ukali, aliniomba, akiwa amekaa chini ameshika miguu yangu iliyoanza kuvimba. Nilikubali. Mama akaleta chakula siku mbili tatu, akakikuta juu ya meza kama alivyokiacha, akaacha kuja. Alikuwa akipita njia ya mbali kwenda sokoni ili asipite mlangoni kwetu. Na mimi sikupona, kwa sababu nyumbani kwetu vilevile tulikula mkate wa dukani na chapati za mama ntilie. Bi Pili akasema nililolishwa limeshaniingia, halitoki kwa kuacha kula tu. Nikanyweshwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe zikaoshwa kwa maji. Nilikunywa kwa imani yote. Nililala nimetulia, na kutulia ni kitu, usikidharau. Lakini mwili uliendelea kuondoka.

Ilifika siku nilishindwa kuinua mkono kusukuma gurudumu la cherehani. Hospitali wakaandika rufaa ya Dar es Salaam. Huko nako palikuwa na mabenchi, marefu zaidi, na watu walioonekana wagonjwa kuliko mimi, kisha nikajiona kwenye kioo cha mlango nikajua tunalingana. Daktari aliyetupokea alikuwa mama wa makamo. Aliuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikiwa Maparoni nilikula nini? Nikiwa Kibiti nilikula nini? Athumani ndiye aliyejibu, mimi nilikuwa nimechoka. Alipofika kwenye dungu na wali na samaki, daktari aliacha kuandika akamsikiliza.

Walinitoa damu ikapelekwa kupimwa mbali. Walinishushia mpira wenye kamera kooni hadi tumboni, nikadhani nakufa, muuguzi akawa ananipangusa mate kwa kiganja chake. Tukangoja. Kungoja huko kulikuwa kurefu kuliko ugonjwa wenyewe.

Majibu yalipotoka, daktari alisema mwili wangu unaikataa ngano. Kila ninapoila, utumbo wangu unajichubua, na chakula kingine chote kinapita bila kunifaa. Ugonjwa huo hauna dawa ya kumeza. Dawa yake ni kuacha ngano, na shayiri, maisha yangu yote, hata chembe. Alisema wengi hapa kwetu hawafikiriwi kuwa nao, kwa hiyo hawapimwi. Athumani alishukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilikuwa namfikiria mama.

Nilikwenda kwake mwenyewe, kwa bodaboda iliyoenda taratibu. Nilimkuta anakanda. Hakuinuka. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, macho kwenye unga. Nikamweleza yote niliyoelezwa. Mikono yake ikaendelea kukanda kwa muda, kisha ikasimama ndani ya donge.

"Kwa hiyo walisema kweli," akasema.

"Si uchawi, mama. Ni maradhi."

"Sijasema uchawi. Nasema kilichokuwa kinakuua kilitoka mkononi mwangu." Akatazama vidole vyake vyenye unga. "Na nilikuwa nasema bismillahi kila nikikanda."

Nilitaka kumshika mikono, lakini ilikuwa na unga, naye akaiondoa haraka akaificha nyuma, kama mtu anayemkinga mtoto na moto. Kisha akauliza, polepole, "Zuhura naye alikuwa hivyo. Tumbo hivyo, nywele hivyo. Alikuwa hataki kingine ila andazi lililochovywa kwenye chai. Ndilo hilohilo?"

Nilimpelekea daktari swali hilo niliporudi kliniki. Alisema huenda, na huenda siyo, na hakuna wa kujua tena. Nilirudi na jibu hilo Kibiti. Mama alilisikiliza, akasema, "Haya." Hajaniuliza tena, ila nilimkuta Ijumaa moja anatoka makaburini peke yake, na tangu siku hiyo hajakaanga andazi.

Baadaye akanitumia ujumbe kwamba ananipikia mkate. Mkate wa kumimina, wa mchele, ambao alikuwa akiupika bibi. Nilikwenda. Ulikuwa umeinuka vizuri, juu una rangi ya dhahabu, unanukia nazi na iliki. Nilikula vipande viwili, na kabla ya magharibi nilikuwa chini. Nilijikunja kwenye mkeka wake, yeye amesimama mlangoni hawezi kunigusa. Kumbe, alivyofundishwa na bibi, kwenye mchele huwekwa kijiko kimoja cha unga wa ngano ili mkate ushikane. Mkono wake ulikichota kijiko hicho bila kumuuliza. Nilimwona akikaa pale mlangoni na kusema, si kwangu, "Ya Rabi, mimi nifanye nini?"

Wiki nzima sikuweza kufanya kazi. Niliporudi kwake nilikuta ametoa vitu uani. Chekeche, kibao cha kusukumia, mwiko wa mti, kinu, kila kilichokunywa ngano miaka yote ile, ameviondoa nyumbani mwake. Alikuwa ameomba kinu kipya kwa seremala, na seremala alikuwa Athumani, ambaye alikichonga bila kumwambia kitu wala kumtazama usoni, akakileta mwenyewe begani.

Tulianza upya. Mchele wenyewe tuliuchambua punje kwa punje, tukauloweka, tukautwanga, maana unga wa mashineni huwezi kujua umepita baada ya nini. Mkate wa kwanza ulikuwa mgumu, ukapasuka kati. Uliofuata ulidondoka ulipotoka motoni, ukabaki kama uji uliokauka. Tukajifunza kwamba tui liwe zito na vuguvugu, hamira ipewe muda, na badala ya kijiko kile cha ngano tukapiga ute wa mayai mpaka ukawa povu. Mama alimimina, akafunika sufuria, akapanga makaa juu ya mfuniko na machache tu chini. Ulipoiva aliukata, akaniwekea kipande, yeye hakula. Alinitazama kama mimi ninavyomtazama mteja anayejaribu nguo, akingoja kuona palipobana.

Kesho yake alasiri alikuja mpaka mlangoni kwangu, mara ya kwanza tangu yale ya barazani. Hakuingia.

"Tumbo?"

"Limetulia, mama."

Akageuka akaondoka. Jirani aliniambia alimwona amesimama njiani anajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

Nisikudanganye kwamba mambo yameisha. Nyayo zangu zina ganzi ambayo ugonjwa uliniachia. Nywele zimerudi, si zile. Mtoto hatujajaliwa, na hakuna anayeweza kutuambia tutajaliwa au la. Kwenye hitma na harusi nakaa na kifurushi changu cha mkate wa mchele, na kuna mwenyeji anayeona nimemdharau. Chapati ikipikwa jirani, mate yananijaa na machozi vilevile. Mwezi mtukufu ninafunga siku ninazoweza. Nilikuwa nikidhani nitakapoujua ugonjwa nitakuwa na nguvu juu yake. Sina. Nina mpaka tu, na ninaishi upande wangu wa mpaka.

Bi Pili alikuja msimu wa mavuno uliopita. Athumani alikuwa ameshamweleza majibu ya daktari, na muda wote huo hakukanyaga Kibiti. Alishusha kiroba cha mchele mpya, akaniambia nimpeleke kwa mama. Tukaenda. Mama alitandika mkeka, wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua na za nyani mashambani. Mama akaleta chai na mkate wa mchele, akauweka kati. Bi Pili hakuugusa. Tangu alipoyasema yale, hakuwahi kutia mdomoni hata maji ya nyumba ile, na sote watatu tulilijua hilo.

"Mama Zuhura," akasema, "nilikuvunjia heshima mbele za watu. Sijui nianzie wapi kuirudisha."

Mama alichukua kisu cha mkate.

"Ungemwacha kwangu ningemzika," akasema. "Nilikuwa namlisha kwa mikono miwili. Wewe ulimtoa."

Bi Pili aliinamisha kichwa. Mama akamkatia kipande, akamwekea mbele yake. Bi Pili akakichukua, akasema bismillahi, akala.